Taurasi au Aglianico del Vulture: Uchukue Chupa Ipi?

Kwenye rafu za mvinyo mwekundu wa Italia, majina makubwa ndiyo hupewa nafasi ya mbele: Barolo, Brunello, Chianti, Amarone. Mivinyo ya kusini husukumwa pembeni, na humo pembeni ndimo zilimo chupa mbili ambazo ningependa watu wazijue zaidi. Moja imeandikwa Taurasi, nyingine Aglianico del Vulture, yaani Aglianico ya Mlima Vulture. Zote zinatokana na zabibu moja, Aglianico. Zote zinatoka kwenye milima ya bara, mbali na fukwe za watalii, na kutoka mashamba ya hii hadi mashamba ya ile ni mwendo wa saa moja na ushee kwa gari. Hata hivyo ukizionja pamoja hutazichanganya.

Msimamo wangu nautoa mapema ili usinifuate gizani. Anayenunua chupa ya kwanza ya zabibu hii nampeleka Vulture, na anayeishi kwenye joto bila mahali pa ubaridi pa kuhifadhia chupa nampeleka Vulture kwa msisitizo zaidi. Taurasi ni kwa mwenye subira na pesa kidogo ya ziada. Huyo akiipata chupa nzuri iliyokomaa, atakunywa mvinyo ambao kwa maoni yangu hauna mpinzani kusini mwa Italia.

Zabibu yenyewe

Aglianico ni zabibu nyeusi inayochelewa sana kuiva. Wakati mikoa mingine ya Italia imeshamaliza kuvuna na kusafisha mashine, hapa bado watu wanasubiri. Mavuno huanza katikati au mwishoni mwa Oktoba, na kwenye mashamba ya juu huingia Novemba, mvua zikiwa zimekaribia na asubuhi zikiwa na baridi kali. Kwa msomaji anayeijua Dodoma, ambako mzabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, huo ni ulimwengu mwingine: shamba moja, mavuno moja, na mkulima anakaa mwaka mzima akiombea wiki chache za mwisho zisiharibike.

Kuchelewa huko kuna matokeo mawili ndani ya glasi. La kwanza ni uchachu mwingi, ule unaofanya mate yajae mdomoni. La pili ni ukakasi, ile hali ya ulimi na fizi kukauka kama umetafuna ndizi mbichi. Ukakasi hutoka kwenye ganda na mbegu za zabibu, na Aglianico anao kwa wingi. Uchachu na ukakasi ndivyo vinavyoufanya mvinyo huu uishi miaka mingi ndani ya chupa, na ndivyo pia vinavyomfukuza mnywaji aliyeufungua mapema mno. Wengi wetu Afrika Mashariki tumeanzia kwenye mvinyo mwekundu mtamu. Aglianico si mtamu hata kidogo, kwa hiyo ukiionja bila chakula kwa mara ya kwanza, usishangae uso ukikunjamana.

Waitaliano wamezoea kuiita Barolo ya kusini. Siipendi sifa hiyo, ingawa naelewa ilikotoka: mivinyo yote miwili ina ukakasi, uchachu na umri mrefu. Inamfundisha mnunuzi kuitafuta Barolo kwenye chupa isiyo na Barolo, halafu akiikosa aone amepunjwa.

Vulture: mlima uliozimika

Basilicata ni mkoa mdogo wenye watu wapatao nusu milioni, uliobanwa kati ya Campania, Puglia na Calabria. Ukisikia habari zake, mara nyingi ni za Matera, mji wa makazi ya mapangoni ambao mwaka 2019 ulikuwa mji mkuu wa utamaduni wa Ulaya. Mvinyo hautoki huko. Unatoka kaskazini mwa mkoa, kwenye jimbo la Potenza, kuzunguka Mlima Vulture, volkano yenye urefu wa mita 1,326 iliyozimika zaidi ya miaka 100,000 iliyopita. Ndani ya kreta zake sasa kuna maziwa mawili, Monticchio, yaliyozungukwa na msitu.

Volkano hiyo ndiyo inayoufanya mvinyo wa hapa uwe hivi ulivyo. Udongo wake ni mweusi, wa majivu na mawe yaliyomwagika wakati mlima ulipokuwa hai, na chini yake kuna tabaka la jiwe laini lililoshikana kutokana na majivu hayo. Jiwe hilo hunyonya maji ya mvua na theluji za majira ya baridi, kisha huyaachia polepole wakati wa kiangazi. Mzabibu wenye mizizi mirefu haukauki hata Julai na Agosti, miezi ambayo kusini mwa Italia huwa tanuru. Mashamba mengi yako kati ya mita 200 na 700 juu ya usawa wa bahari, na usiku hewa ya mlimani hushuka ikiwa na ubaridi. Kwa hiyo zabibu hupata jua la kusini mchana na baridi ya milimani usiku, na huiva huku ukali wake ukibaki.

Jiwe hilo laini limewafaa watu kwa njia nyingine pia. Huko Barile na Rionero wamechimba mapango ndani yake na kuyafanya maghala. Ndani ya pango joto halibadiliki sana mwaka mzima, na hewa ina unyevu unaozuia mapipa yasipasuke. Mapipa yamelala humo kwa vizazi. Barile yenyewe, pamoja na Maschito na Ginestra, ni miji iliyokaliwa na wahamiaji kutoka Albania karne nyingi zilizopita. Venosa, upande wa mashariki, ndiko alikozaliwa mshairi wa Kirumi Horace mwaka 65 kabla ya Kristo, na hadi leo wenyeji hawachoki kukukumbusha.

Kati ya wazalishaji, wanne ninawataja kwa sababu tofauti. Paternoster wa Barile walianza kutia mvinyo wao kwenye chupa mwaka 1925, na chupa yao ya Don Anselmo ndiyo iliyowaonyesha watu wa nje kwamba mlima huu unaweza kutoa mvinyo wa kuheshimiwa. Kampuni hiyo sasa iko mikononi mwa familia ya Tommasi ya Verona. Cantina di Venosa ni chama cha ushirika kilichoanzishwa mwaka 1957, kinachokusanya zabibu za mamia ya wakulima, na chupa zake ndizo rahisi zaidi kuzipata nje ya Italia. Cantine del Notaio wa Rionero, walioanza mwaka 1998, huhifadhi mapipa kwenye mapango ya kale, na mivinyo yao wameipa majina ya kazi ya mthibitishaji wa hati, kama vile La Firma na Il Repertorio, maana notaio kwa Kiitaliano ndiye huyo mthibitishaji.

Wa nne ni Elena Fucci, na habari yake inaeleza hali ya eneo zima kwa wakati ule. Mwaka 2000 familia yake ilikuwa karibu kuuza shamba la mizabibu mizee pale Barile, takriban mita 600 juu ya usawa wa bahari. Yeye alikuwa kijana wa kuingia chuo. Akaamua shamba lisiuzwe, akaenda kusomea utengenezaji wa mvinyo, na wakaanza kutoa mvinyo mmoja tu, Titolo, ambao leo unatafutwa na wapenzi wa mvinyo nchi nyingi. Mashamba mangapi ya jirani yaliuzwa au kung'olewa kwa kukosa mtu wa kuamua hivyo? Nikiinunua Titolo hulifikiria hilo, na bei yake hainiumi sana.

Taurasi: bonde la wenye subira

Taurasi ni mji mdogo katika Irpinia, eneo la milima la jimbo la Avellino, ndani ya mkoa wa Campania. Napoli iko karibu, lakini Irpinia haifanani nayo hata kidogo. Hapa ni misitu ya miti ya chestinati, ukungu, mvua nyingi na majira ya baridi yenye theluji. Sheria inaruhusu jina Taurasi kwa miji 17 tu iliyo kwenye vilima kandokando ya Mto Calore.

Udongo wa hapa umechanganyika zaidi. Msingi wake ni mfinyanzi na chokaa, na juu yake yametandazwa majivu ya milipuko ya Vesuvius. Mlipuko mmoja mkubwa wa karibu miaka 4,000 iliyopita umepewa jina la Avellino na wanasayansi, kwa kuwa mawe yake mepesi yalifika hadi huku. Mfinyanzi hushika maji na ubaridi, zabibu huchelewa zaidi, na mvinyo hutoka ukiwa na mwili mzito na ukakasi mkali kuliko wa Vulture. Hata ndani ya miji hiyo 17 kuna tofauti. Zabibu za Montemarano, upande wa juu wa kusini, huvunwa mwisho kabisa na hutoa mvinyo mgumu unaodai miaka mingi. Zile za Taurasi penyewe na Mirabella Eclano, chini zaidi, huwa laini mapema.

Huwezi kuizungumzia Taurasi bila kuwataja Mastroberardino wa Atripalda, kampuni iliyoanza mwaka 1878. Baada ya Vita Kuu ya Pili, wakulima wengi wa kusini waliziacha zabibu za kwao na kupanda zile za kutoa mazao mengi kwa haraka. Antonio Mastroberardino, aliyefariki mwaka 2014, alikataa. Alishikilia Aglianico kwa mvinyo mwekundu, na Fiano na Greco kwa mweupe, wakati ambapo soko halikuona thamani yake. Mvinyo wake wa Taurasi Riserva (yaani uliosubirishwa muda mrefu zaidi) wa mwaka 1968 ndio ulioitangaza zabibu hii duniani, na ukiwa na zaidi ya nusu karne bado wanaobahatika kuufungua huuzungumzia kwa heshima.

Kisha likaja tetemeko la ardhi la tarehe 23 Novemba 1980. Watu karibu 3,000 walikufa, vijiji vya Irpinia vikabomoka, na Basilicata ya kaskazini ikapigwa pia. Vijana wengi walihama. Katika miaka ya kujijenga upya ndipo Mastroberardino walipoipa Taurasi yao jina la Radici, maana yake mizizi, kuanzia mwaka 1986. Mwaka huohuo ikaanzishwa Feudi di San Gregorio huko Sorbo Serpico, ambayo leo ni miongoni mwa kampuni kubwa za eneo hilo na imevuka mpaka hadi Vulture, inakomiliki kiwanda cha Basilisco. Wadogo nao wamefuata: Salvatore Molettieri pale Montemarano, Luigi Tecce pale Paternopoli, na Quintodecimo ya Profesa Luigi Moio, mtaalamu wa mvinyo, pale Mirabella Eclano.

Lebo zinasema nini

Sheria za maeneo haya mawili hazilingani, na wanunuzi wengi hapa ndipo wanapopotea. Taurasi ilipata daraja la DOC, alama ya Italia inayolinda jina la eneo na kanuni za mvinyo wake, mwaka 1970 na daraja la juu la DOCG mwaka 1993, ikiwa ya kwanza kusini kwa mvinyo mwekundu. Vulture ilipata DOC mwaka 1971, na daraja la DOCG likaja mwaka 2010, tena kwa mivinyo iliyoandikwa Superiore pekee.

| Jina kwenye lebo | Kiasi cha Aglianico | Muda kabla ya kuuzwa |
|---|---|---|
| Aglianico del Vulture | 100% | Kuanzia Septemba ya mwaka unaofuata mavuno |
| Aglianico del Vulture Superiore | 100% | Karibu miaka 3, mwaka 1 kati yake kwenye pipa |
| Taurasi | Angalau 85% | Miaka 3, mwaka 1 kati yake kwenye pipa |
| Taurasi Riserva | Angalau 85% | Miaka 4, miezi 18 kati yake kwenye pipa |

Usidanganywe na neno Superiore kukosekana. Wazalishaji kadhaa wazuri wa Vulture wanaendelea kutumia DOC ya kawaida hata kwa chupa zao bora, kwa sababu zao wenyewe, kwa hiyo kule jina la mzalishaji lina uzito kuliko daraja. Kwa Taurasi daraja linakulinda zaidi, maana angalau unajua mvinyo umesubiri miaka mitatu. Lakini hata hiyo mitatu ni michache.

Kuna pia chupa iliyoandikwa Irpinia Campi Taurasini. Hiyo ni Aglianico ya maeneo yaleyale ya Taurasi iliyosubirishwa muda mfupi na kuuzwa kwa bei nafuu. Wengi huiruka. Ukitaka kuonja udongo wa Irpinia bila kungoja miaka minane, ianzie hapo.

Ndani ya glasi

Vulture kwanza hukupa tunda: cheri nyeusi na plamu iliyoiva vizuri. Kisha huja moshi, pilipili manga, na ladha fulani ya jivu na chuma ambayo wengi huihusisha na volkano. Ukakasi upo, ila una unga laini, na mvinyo wa miaka minne au mitano tayari hunyweka kwa raha. Chupa nzuri hudumu miaka 10 hadi 15.

Taurasi changa hufunga mlango. Harufu ni chache, ukakasi unashika fizi, na mtu asiyejua anaweza kudhani mvinyo una kasoro. Mpe miaka minane hadi kumi tangu mavuno, ndipo hufunguka: cheri kavu, tumbaku, ngozi, udongo uliolowa mvua, na uchachu unaozishika zote pamoja zisilegee. Zilizo bora huendelea kupanda hadi miaka 20 na zaidi. Vulture zilizonifurahisha ni nyingi kuliko Taurasi. Lakini zile chache zilizoninyamazisha kabisa zilikuwa Taurasi zenye umri.

Bei hufuata subira hiyo. Huko Italia chupa nzuri ya Aglianico del Vulture ya kawaida hupatikana kwa euro 10 hadi 15, na Taurasi huanzia karibu 20, ikapanda haraka. Mvinyo ukishavuka bahari na kulipiwa ushuru, pengo hilo huzidi. Kwa pesa ya Taurasi ya wastani utapata Vulture ya juu kabisa, na hapo mimi sisiti hata dakika moja.

Mezani, na suala la joto

Kule Basilicata huunywa na kondoo, soseji ya lucanica, jibini la caciocavallo, na zile pilipili tamu za Senise zilizokaushwa juani na kukaangwa hadi zikawa kavu za kuvunjika. Irpinia wana kondoo pia, uyoga wa porini na jibini la maziwa ya kondoo. Mnaona pote ni nyama yenye mafuta na vitu vyenye chumvi. Mafuta ya nyama huulainisha ukakasi, na uchachu huusafisha mdomo kwa tonge linalofuata.

Kwa hiyo mbuzi wa kuchoma anakubaliana na Vulture bila shida, hasa sehemu za mbavu zenye mafuta. Nyama ya ng'ombe iliyopikwa polepole hadi mchuzi ukawa mzito naipa Taurasi iliyokomaa. Samaki wa nazi usimlazimishe na yoyote kati ya hizi mbili, kwani ukakasi huacha ladha ya chuma mdomoni. Pilipili kali nayo huuchongea mvinyo: huuongeza ukakasi na kuichochea alkoholi, ambayo kwenye chupa hizi kwa kawaida ni asilimia 13.5 hadi 14.5. Kachumbari iwe na nyanya na kitunguu, pilipili ikae kando kwa anayeitaka.

Joto ndilo linaloamua zaidi kuliko watu wanavyodhani. Maelekezo ya kunywa mvinyo mwekundu kwa joto la chumba yalitoka kwenye nyumba za Ulaya zenye baridi, si Dar es Salaam wala Mombasa. Hizi mbili hunywewa vizuri zikiwa kati ya nyuzi 16 na 18, kwa hiyo iweke chupa kwenye friji nusu saa au zaidi kabla ya kufungua. Ikiwa ya moto, utasikia alkoholi tu. Taurasi changa imimine kwenye jagi saa mbili au tatu kabla ya kula. Vulture saa moja inamtosha.

Kuhifadhi ni jambo zito zaidi. Chupa inayokaa miezi kwenye kabati la jikoni lenye nyuzi 28 au 30 haikomai, inaiva vibaya: tunda hupotea, ladha huwa ya zabibu zilizopikwa. Kununua Taurasi ya mavuno ya karibuni ukitumaini kuitunza miaka sita katika nyumba ya pwani isiyo na chumba cha ubaridi ni kuitupa pesa. Anayeishi Nairobi, Arusha au Iringa ana nafuu kidogo, lakini hata yeye atafute pembe ya ndani isiyopigwa na jua. Ndugu walio Ulaya wenye chumba cha chini cha baridi ndio hasa wanaoweza kuilea Taurasi changa hadi ikafika.

Ukiwa Napoli na una siku mbili, barabara kuu ya A16 hupita katikati ya Irpinia kisha huendelea mashariki. Ukishuka Candela, Melfi na Mlima Vulture viko mbele yako, kwa hiyo unaweza kuonja pande zote mbili katika safari moja. Piga simu kabla, maana wengi wao ni familia ndogo zisizokaa mlangoni kusubiri wageni, na mwezi wa Oktoba usitarajie mtu kukupokea, wote wako shambani.

Ningekuwa nanunua leo kwa ajili ya wiki hii, ningechukua Aglianico del Vulture ya miaka minne hadi sita ya mzalishaji ninayemjua, na kwa bajeti ndogo ile ya ushirika wa Venosa. Kwa sherehe ya mtu ninayemheshimu ningetafuta Taurasi ambayo muuzaji ameitunza mwenyewe penye ubaridi, yenye miaka kumi au zaidi kwenye lebo, na ningemuuliza imelala wapi muda wote huo kabla ya kutoa pesa. Akishindwa kujibu, nairudisha rafuni na kuchukua Vulture.